Mimi Sio Fundi

Hamburg, Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu,

Ile sauti uliyonitumia Alhamisi niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa zamu, nikaambulia honi za daladala na neno "dada". Mara ya pili nikatambua uko Kimara, pembeni mwa barabara, na kuna mtu anakupigia kelele uondoe gari. Mara ya tatu ndipo nikaelewa: gari limechemsha, fundi kasema gasketi imekwenda, anataka laki sita, na wewe unauliza kama dada yako wa Ulaya ana chochote. Nikakuuliza mara ya mwisho ulifungua boneti lini. Ukajibu, "Dada, mimi sio fundi."

Pesa nimetuma. Barua hii ndiyo riba yake, na utailipa kwa kuisoma mpaka mwisho. Wasomaji wengine wa safu hii wanisamehe leo. Ingawa nina hakika wapo wengi humo ambao boneti zao hufunguliwa na mafundi tu.

Wewe Peugeot la Baba hukulikuta. Liliuzwa mwaka uliozaliwa, kwa hiyo hukuwahi kushika tochi. Lilikuwa 504, la rangi ya maziwa, na Baba alipenda kutukumbusha kwamba gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, utadhani alikuwa usukani yeye. Kila Jumamosi kabla ya chai alitoka na kipande cha shati kuukuu, akafungua boneti, nami nikasimama pembeni na tochi. Alichomoa dipstiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena na kuniletea karibu na uso. "Imefika wapi?" Nikibahatisha jibu, aliifuta tukaanza upya. Halafu maji, halafu akazunguka gari lote polepole akigusa matairi kwa kiganja. Kazi nzima haikuzidi dakika kumi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa fundi, na hakujifanya fundi. Spana aliyokuwa nayo ni moja, ya kukazia betri. Lakini alipokwenda kwa fundi alikwenda na maneno: "Inapungua oili robo kila wiki mbili, na haivuji chini." Mteja wa namna hiyo fundi hamdanganyi kirahisi.

Nilipofika Ujerumani niliamini siri ya magari yao kudumu ni sheria. Hapa kila gari lina kibandiko cha duara kwenye namba ya nyuma, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya soda au zaidi kidogo. Mwaka wa ukaguzi unaofuata umeandikwa katikati, mwezi ndio namba iliyo juu kabisa, na rangi hubadilika kila mwaka: kinachoisha 2026 ni cha buluu, cha 2027 ni cha njano. Polisi anakisoma kwa mbali bila kukusimamisha. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Watu wote huuita ukaguzi huo TÜV, hata wakipeleka gari kwa kampuni nyingine ya ukaguzi.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda nimeosha gari nje na ndani, nimeweka na kinukishi. Mkaguzi alilipandisha juu, akaingia chini na taa yake, akatoka na karatasi. Nimefeli. Kibomba cha oili ya breki kimeliwa na kutu, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu. Hilo nililikubali, nani angelijua bila kuingia uvunguni? Lakini yaliyofuata yaliniaibisha: tairi moja la nyuma lina nyufa za uzee, na taa ndogo inayomulika namba haiwaki. Taa! Balbu yenyewe ni bei ya kikombe cha kahawa. Ukifeli unapewa mwezi mmoja urekebishe urudi, na kurudi huko kunalipiwa. Nikanuna hadi nyumbani.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mjane aliyevuka sabini, alinikuta nimenuna hivyo. Nilimweleza nikitegemea pole. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Hukulizunguka gari kabla ya kwenda?" Yeye Jumamosi hutoka na glavu na kitambaa, anafungua boneti ya Golf lake, anachomoa kijiti, anafuta. Mdogo wangu, nilimtazama yule bibi wa Kijerumani nikaona shati kuukuu la Baba mkononi mwake. Nilikuwa nimekulia kwenye darasa hilo, nikalisahau mara tu nilipopata nchi yenye kibandiko.

Baadaye nilisoma habari za ukaguzi huu na kukuta kitu ambacho hatuelezwi. Haukuanzia serikalini, wala haukuanzia kwenye magari. Mwaka 1865 boila ya mvuke ililipuka kwenye kiwanda cha bia mjini Mannheim. Mwaka uliofuata wenye maboila wa huko wakaunda chama chao cha kukagua mitambo yao wenyewe, kabla haijawaua wao na wafanyakazi wao. Vyama kama hivyo ndio mababu wa TÜV ya leo. Ukaguzi wa magari wa kila mara ulikuja kulazimishwa kisheria mwaka 1951, na kibandiko kikafuata mwaka 1961. Wenye mali walitangulia, dola ikaja nyuma. Sisi tunangoja Wiki ya Nenda kwa Usalama, tunapata stika, tunaibandika kiooni, na gari linabaki lilivyokuwa.

Basi chukua tochi ya simu. Fanya asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, mahali tambarare, kabla hujaligusa ufunguo.

Kabla ya boneti, tazama chini. Ukiwa na shaka laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini jioni, ulisome asubuhi. Maji meupe yasiyo na harufu baada ya kutumia kiyoyozi si kitu. Doa jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Jekundu la utelezi huenda ni oili ya giaboksi. La kijani, la waridi au jekundu lenye utelezi mdogo na harufu tamutamu ni kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa. Kwenye kupotea kwa maji ya rejeta, hata yakiwa ya bomba, ndipo habari yako ya Kimara ilipoanzia, wiki kadhaa kabla ya Alhamisi.

Nikae hapa kwenye maji, maana ndiyo yaliyokugharimu. Pembeni mwa rejeta kuna mtungi mdogo wa plastiki wenye alama mbili, ya juu na ya chini. Injini ikiwa baridi, maji yawe katikati ya alama hizo. Yakipungua mara moja, ongeza. Yakipungua kila wiki, usiongeze tu ukashukuru. Yanakwenda mahali, katafute mahali hapo. Mara nyingi ni mpira wa rejeta uliochakaa, au kifuniko cha rejeta ambacho raba yake imekufa. Kifuniko kile kazi yake ni kushikilia mgandamizo, na ni mgandamizo pamoja na kulanti vinavyofanya maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Kikilegea, maji huchemka mapema. Ni kitu cha bei ndogo kinachoua injini ya bei kubwa. Na kwa sababu ya mgandamizo huo huo, usikifungue injini ikiwa ya moto, hata fundi akikuambia atafungua taratibu na kitambaa. Maji yatamrukia usoni yeye, wewe, na aliyekuja kutazama.

Najua gari lako linanywa maji ya bomba. Najua pia tamostati haimo, maana sijapata kuona gari la Dar lenye miaka zaidi ya kumi ambalo fundi hakuitoa. Anaitoa kwa nia njema: gari lilichemsha, tamostati ilikwama, kuitoa ni rahisi kuliko kununua nyingine. Lakini bila tamostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na chanzo halisi cha kuchemsha kinabaki pale pale kimejificha. Maji ya bomba nayo huacha chokaa na kutu ndani ya rejeta, vijia vinaziba kama birika la zamani. Huku hakuna anayethubutu kutia maji matupu: yakiganda yanavimba kwa takriban asilimia 9 na kupasua injini. Kwetu hayagandi, kwa hiyo tunadhani kulanti ni anasa ya wazungu. Kumbe nusu ya kazi yake ni kuzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka, na kutu haijui baridi wala joto. Mwambie fundi, injini itakapokuwa imefunguliwa kwa gasketi hiyo ya laki sita, arudishe tamostati mpya, asafishe rejeta, na atie kulanti. Simama hapo uone.

Na siku taa nyekundu ya joto ikiwaka tena: zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho japo utaoga jasho, kwa sababu inavuta joto kutoka kwenye injini, kisha egesha uzime haraka iwezekanavyo. Usiseme "nifike tu pale Mbezi". Gasketi yako ilikufa kati ya taa kuwaka na pale ulipoona pa kuegesha pazuri.

Oili. Dipstiki ina alama mbili, na kwenye magari mengi nafasi kati yake ni kama lita moja. Chomoa, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena, soma. Weusi peke yake si ugonjwa, oili inafanya kazi ya kusafisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari: maji yameingia kwenye oili. IST lako, kama ni la injini ya 1500, lina cheni ya taiming badala ya mkanda, nawe ulijisifu kwamba cheni haikatiki. Kweli, lakini kinachoikaza cheni hiyo ni mgandamizo wa oili. Ikipungua au ikigeuka lami, cheni inaanza kulia asubuhi kama mtu anayetikisa sarafu kwenye kopo. Injini hiyo inachukua karibu lita 3.7 ukibadilisha na filta. Nunua kopo lililofungwa, lifungue mwenyewe. Ile ya kupimiwa kwenye dumu mwachie mwenye kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Huku, kwa taarifa yako, anayekuuzia oili analazimika kisheria kupokea oili yako chafu ya kiasi hicho hicho.

Magari mengi yaliyotumika Japani hufika Dar na kijibandiko kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, kimeandikwa tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Litazame lako. Kuna mtu huko alilihesabia kilomita. Wewe unahesabu nini? Nunua daftari la kurasa arobaini, liweke kwenye dashibodi, andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa. Kitabu cha gari kama kimo ni cha Kijapani, lakini simu yako inajua kutafsiri kwa kamera. Usiniambie huna muda, nakuona mtandaoni usiku wa manane.

Matairi nayazungumza kwa uchungu wa yule mkaguzi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa mzee. Pinda kichwa, tazama nyufa ubavuni na katikati ya meno. Ndani ya mifereji kuna vijituta vidogo vya mpira. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na hicho ndicho kiwango cha mwisho cha sheria hapa. Likiliwa upande mmoja, tatizo si tairi, ni alaimenti au bushi. Upepo upime asubuhi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kijana wa pancha anayejaza 40 kila gari linalopita hajasoma mlango wako. Na spea? Usicheke. Fungua buti uone kama ina upepo na kama jeki na spana ya magurudumu vimo, kwa sababu gari ulilinunua kwa mtu.

Breki: kuna kijitungi chenye alama kama za maji. Oili ya breki ikishuka taratibu, mara nyingi pedi zimekwisha. Ikishuka ghafla, inavuja, na gari halitoki. Oili hiyo hufyonza unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, ndiyo maana wengi hapa hubadilisha kila miaka 2. Yenye maji huchemka breki zikipata moto, na pedali inazama hadi sakafuni. Nakuambia hili kwa sababu ya ule mteremko wa kutoka nyumbani Kibosho kwenda Moshi mjini. Teremka na gia ndogo, usilale juu ya breki.

Betri: unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake usafishe kwa maji ya moto na brashi, ukitangulia kufungua waya wa hasi. Huku betri ndiyo sababu ya kwanza ya magari kukwama, wakaitwa watu wa ADAC, chama cha madereva chenye wanachama zaidi ya milioni 20. Magari yao ni ya njano na watu wanawaita malaika. Kimara malaika hayupo, kuna vijana wa kusukuma, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Taa ziangalie kwenye ukuta, mbele na nyuma. Waipa zikiacha michirizi, badilisha.

Kuhusu fundi wako, nisieleweke vibaya. Mafundi wa chini ya mwembe wanafufua magari ambayo hapa yangesagwa chuma bila mtu kujiuliza mara mbili, na wanafanya hivyo kwa spana kumi na akili. Lakini fundi huliona gari likiwa limeshaugua. Hajui kwamba mwezi uliopita lilikuwa halilii. Anayejua ni anayelala nalo nyumba moja, na huyo ndiye aliyeniambia si fundi.

Desemba inakuja. Tarehe 22 au 23 utakuwa Chalinze pamoja na nusu ya Wachagga wa Dar, mna mbuzi wa kununua na kilomita zaidi ya 400 mbele yenu. Usipeleke gari gereji siku moja kabla ya safari. Kitu kipya kikifungwa vibaya kitakuambia ukiwa Segera. Peleka wiki mbili kabla, litembeze mjini, likague kila asubuhi. Njiani, ukisimama Korogwe kula, liache lipoe, tazama chini, gusa matairi kwa kiganja. Lile lililo la moto kuliko mengine lina jambo.

Na tochi mpe binti yako aishike. Mkono wake hautatulia mwanzoni. Wangu pia haukutulia.

Nimeongea na Baba jana, nimemwambia mwanawe anakuja Krismasi na gari lake. Hakuuliza rangi, hakuuliza la mwaka gani. Ameuliza linatumia oili gani na limebadilishwa lini. Tafuta jibu kabla hujafika.

Dada yako